Nondo wa Ulimi Mrefu: Tuanzie Kwenye Jani

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi, mabibi na mabwana, itifaki ikizingatiwa. Nashukuru kwa nafasi hii.

Nimemchagua mdudu mmoja tu wa kumzungumzia leo, ingawa familia yake, ile ya nondo-kipanga, ina spishi zaidi ya 1,400 duniani. Anaitwa Xanthopan. Wengi wenu mmeshamsikia hata kama jina hilo ni geni masikioni mwenu: ni yule nondo mwenye ulimi mrefu ajabu, ambaye Charles Darwin alisema lazima awepo Madagaska, wakati hakuna mtu aliyekuwa amemwona. Hadithi hiyo ni ya kweli na nitaisimulia, kwa sababu ni tamu na haichoshi. Ila nina neno nayo. Kila inaposimuliwa, nondo huitwa mwishoni kabisa, kuja kuthibitisha kwamba Mwingereza fulani hakukosea, kisha anaondolewa jukwaani. Hatuambiwi alizaliwa wapi, alikula nini utotoni, wala anafanya nini katika miezi ambayo lile ua mashuhuri halijachanua. Huyu ni mnyama wa bara letu na wa visiwa vyetu. Anastahili kusimuliwa kuanzia mwanzo wa maisha yake, na mwanzo huo uko kwenye jani.

Jani lenyewe ni la miti ya familia moja, ile ya mtopetope na mstafeli, ambayo wataalamu huiita Annonaceae. Nondo jike huruka usiku akiutafuta mti huo kwa harufu, hutaga yai juu ya jani, kisha huenda zake. Hana malezi mengine ya kumpa mwanawe zaidi ya kuchagua mti sahihi, na uchaguzi huo ndio kila kitu. Huku bara mti unaotajwa sana ni mtopetope mwitu, Annona senegalensis, ule mti mfupi wa nyika ambao wengine huuita mchekwa. Wapo pia ndugu zake wa msituni, kama Uvaria na Xylopia. Lakini hatoki nje ya ukoo huo. Kiwavi wa Xanthopan ukimweka juu ya jani la muhogo au la mwembe, hana chakula hapo.

Na si familia rahisi kuila. Mimea hii hujilinda kwa kemikali ziitwazo asetojenini, ambazo huziba njia ya seli ya kutengeneza nishati ndani ya mitokondria. Ni sumu kali kwa wadudu wengi, ndiyo maana mbegu za mastafeli na matopetope zimetumika sehemu nyingi za dunia kuulia chawa na wadudu wengine. Kiwavi wetu hula majani ya ukoo huo huo usiku na mchana, akanenepa. Hujivua ngozi mara kadhaa, na kila mara hutoka mkubwa zaidi. Mkiani ana pembe, kama walivyo karibu viwavi wote wa nondo-kipanga. Pembe hiyo huwatisha watu bure: haichomi, haina sumu, haina hata ncha ya kutoboa ngozi ya mtoto. Nawaomba wazazi na walimu mlisikie hilo, kwa sababu viwavi hawa hupondwa kila siku kwa kosa la kuwa na pembe.

Akishashiba kwa mara ya mwisho, kiwavi huacha kula, hubadilika rangi, huteremka mtini na kuhangaika chini akitafuta mahali penye udongo laini. Hapo huchimba, hujizika, na kugeuka pupa. Yote yatakayomfanya awe maarufu hutengenezwa humo gizani, pasipo mtu kuona: mabawa, misuli ya kifua, macho makubwa, na ulimi.

Ulimi huo natamani muuelewe vizuri, kwa sababu ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Tunauita ulimi kwa mazoea, lakini kwa kweli ni sehemu mbili za mdomo zilizorefuka sana, kila moja ikiwa na mfereji upande wa ndani. Nondo anapotoka kwenye pupa, sehemu hizo mbili bado zimetengana. Kazi yake ya kwanza ni kuzikunja na kuzikunjua mpaka vijino vidogo vya pembezoni vishikane na mifereji hiyo miwili iwe mrija mmoja. Zisiposhikana sawasawa mara hiyo, hakuna nafasi ya pili, na nondo huyo hatakunywa maishani mwake.

Ukishakuwa mrija, ulimi hukaa umejikunja kwa mizunguko mingi chini ya kichwa. Nondo akitaka kuunyoosha, husukuma damu yake ndani ya ulimi kwa nguvu kutoka sehemu ya chini ya kichwa, na shinikizo hilo ndilo linaloukunjua. Kuukunja tena ni kazi ya misuli midogo iliyopangwa ndani yake, ikisaidiwa na ule unyumbufu wa ulimi wenyewe. Ndani ya kichwa kuna pampu ya kunyonya. Sasa fikirini: kunyonya maji ya sukari kupitia mrija mwembamba unaokaribia urefu wa rula ya shule, huku umesimama hewani, gizani.

Kusimama hewani nako kuna gharama yake. Nondo mkubwa hawezi kuruka akiwa wa baridi. Kabla ya kuondoka hutikisa misuli ya kifua bila kupiga mabawa kikamilifu, akatetemeka mahali pamoja mpaka kifua kipate joto, na kwa nondo-kipanga joto hilo laweza kupita nyuzi 35. Ndipo huruka. Mafuta ya safari yote hiyo ni sukari ya maua. Xanthopan aliyekomaa ana mabawa yanayoweza kupita sentimita 13 kutoka ncha hadi ncha, rangi ya kahawia na kijivu yenye mistari kama gome, na mabaka ya manjano ubavuni mwa tumbo ambayo huonekana tu anapofungua mabawa. Mchana akitulia kwenye shina la mti, unaweza kupita hatua moja kutoka kwake usimwone.

Basi, huyo ndiye mnyama wetu. Sasa niwasimulie ya Darwin.

Kwenye misitu ya mashariki mwa Madagaska, ile ya nchi za chini karibu na pwani, hukua okidi iitwayo Angraecum sesquipedale. Mfaransa Aubert du Petit-Thouars ndiye aliyeieleza kitaalamu mwaka 1822. Ua lake ni jeupe, nene, lenye umbo la nyota, na harufu yake hutoka kwa nguvu usiku. Nyuma ya ua hutoka mrija mwembamba wa kijani unaoning'inia, na nekta, yaani maji matamu ya ua, iko chini kabisa ya mrija huo. Januari 1862, mkusanyaji wa okidi James Bateman alimpelekea Darwin maua haya nyumbani kwake Uingereza. Darwin aliyapima. Mrija ulikuwa na urefu wa inchi 11 na nusu, yaani kama sentimita 29, na ni zile inchi moja na nusu za mwisho tu zilizokuwa na nekta. Alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker akishangaa ni mdudu gani awezaye kunyonya hapo.

Hakuishia kushangaa. Alichukua kijiti cha duara chenye unene wa sehemu ya kumi ya inchi, akakiingiza kwenye mdomo wa ule mrija mpaka mwisho, kisha akakichomoa. Kikatoka na chavua imenata juu yake. Okidi hazimwagi chavua kama unga. Huifunga katika vifurushi vidogo vyenye gundi, na vifurushi hivyo havikutoka mpaka kitu chenye unene wa kutosha kilipojibana mlangoni mwa mrija. Darwin akaelewa kwamba ua hili halitoi chavua kwa mdudu anayepita juu juu. Linamtaka mgeni mwenye ulimi wa kufika chini, na mwenye sababu ya kukandamiza kichwa chake mpaka mwisho ili apate tone la mwisho. Katika kitabu chake cha 1862 kuhusu okidi akaandika kwamba Madagaska lazima kuwe na nondo wenye ndimi zinazoweza kunyooka kufikia inchi 10 au 11.

Wataalamu wengine wa wadudu walimcheka. Darwin mwenyewe alilitaja hilo katika toleo la pili la kitabu hicho mwaka 1877. Lakini Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa viumbe mwenzake, hakucheka. Mwaka 1867, akimjibu Duke wa Argyll ambaye alisema maumbile kama haya ni mkono wa Muumba na wala hayawezi kuelezwa kwa sheria za asili, Wallace alikwenda kwenye makabati ya jumba la makumbusho la British Museum na kupima ndimi za nondo waliokuwemo. Mmoja alitoka Afrika ya tropiki na alikuwa na ulimi wa inchi saba na nusu, yaani sentimita 19. Wallace akasema huyu akiongezewa inchi mbili tatu tu angeliweza ua lile. Akaongeza kwamba nondo wa aina hiyo atakuwepo Madagaska, na kwamba watafiti waendao huko wamtafute kwa uhakika ule ule ambao wanajimu walikuwa nao walipoitafuta sayari ya Neptuni.

Hapa nataka tusimame kidogo. Yule nondo wa sentimita 19 ndiye Xanthopan morganii. Francis Walker alikuwa ameshampa jina la kitaalamu mwaka 1856, miaka sita kabla Darwin hajalishika ua lile mkononi. Kwa hiyo wakati watu wanabishana kama mdudu wa namna hiyo anaweza kuwepo, ndugu yake wa karibu kabisa, kutoka bara letu, alikuwa ndani ya kabati jijini London akiwa na kibandiko cha jina. Wallace alimwona kwa sababu alikwenda kufungua kabati. Mimi humheshimu Darwin kama wengi, lakini katika kisa hiki mtu wangu ni Wallace. Darwin alisema nondo. Wallace alisema nondo-kipanga, akataja na jamaa zake, akatoa na vipimo.

Mwaka 1873 ikapatikana habari kutoka Brazili, kwa Fritz Müller, kwamba kule kuna nondo-kipanga mwenye ulimi wa kati ya inchi 10 na 11. Basi suala la kama ulimi mrefu kiasi hicho unawezekana likafungwa. Lilibaki la Madagaska. Na mwaka 1903, Walter Rothschild na Karl Jordan, waliokuwa wakifanya kazi kwenye mkusanyo mkubwa wa Tring huko Uingereza, walitangaza nondo wa Madagaska wakamwita Xanthopan morganii praedicta, yule aliyetabiriwa. Darwin alikuwa amefariki tangu 1882. Wallace alikuwa hai, akiwa mzee wa miaka 80.

Hata hivyo, kumpata nondo si sawa na kumwona akinywa. Hilo lilichukua karibu karne nyingine. Mwaka 1992 mtafiti Mjerumani Lutz Wasserthal aliwaweka nondo hawa pamoja na maua ndani ya hema la wavu, akawapiga picha wakinyonya na kubeba chavua. Mwaka 2004 Mmarekani Philip DeVries aliwarekodi kwa kamera ya usiku wakitembelea ua hilo porini. Na mwaka 2021 Joël Minet na wenzake walilinganisha nondo wa Madagaska na wa bara kwa maumbile na kwa DNA, wakaonyesha kwamba tofauti zao ni kubwa mno kuitwa nususpishi. Wa Madagaska sasa ni spishi kamili, Xanthopan praedicta. Mmoja katika makumbusho ya London alipimwa akakutwa na ulimi wa sentimita 28.5. Kabla yake waliotajwa sana kwa urefu walikuwa nondo wa Amerika ya tropiki, akiwemo Amphimoea walkeri aliyeandikwa kuwa na sentimita 28.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonileta.

Kisa hiki kikishasimuliwa hivyo, watu huondoka wakisema: kumbe ua na nondo wanategemeana, mmoja akifa na mwingine hufa. Si kweli. Tegemeo hilo lina upande mmoja mzito na upande mmoja mwepesi, na Darwin mwenyewe aliliona. Aliandika kwamba nondo hao wakitoweka, okidi ile nayo itatoweka hakika. Alipofika upande wa pili hakutumia neno hilo. Alisema tu kwamba okidi ikitoweka, nondo watapata hasara kubwa.

Tazameni jinsi maisha yao yalivyo. Okidi ile huchanua kwa msimu, katika miezi ya baridi ya Madagaska, kuanzia karibu Juni hadi Septemba. Nondo anahitaji sukari kila usiku anaporuka, mwezi wowote. Kwa hiyo hunywa kwenye maua mengine mengi, marefu na mafupi, kwa kuwa ulimi mrefu hauzuiliwi na ua fupi. Madagaska imejaa maua ya usiku ya nondo-kipanga: hata mibuyu ya kisiwa hicho, ambayo spishi zake za asili ni sita, mingi ina maua marefu yanayochavushwa na nondo wa ndimi ndefu. Na ushahidi mkubwa kuliko wote uko huku kwetu. Angraecum sesquipedale haioti bara la Afrika hata mguu mmoja. Lakini Xanthopan morganii anaishi kuanzia Afrika Magharibi mpaka Afrika Mashariki, akateremka Msumbiji na Zimbabwe hadi kaskazini mwa Afrika Kusini, akiwa na ulimi wa sentimita zipatazo 19. Anaishi vizuri kabisa pasipo ua lile.

Sasa mnyang'anye majani. Chukua miti ya familia ya mtopetope uiondoe yote mahali fulani. Maua yote yakabaki, nekta ikajaa tele. Nondo watakaokuwepo watakunywa, watakufa kwa wakati wao, na hakutakuwa na kizazi cha pili. Na baada yao okidi itaendelea kuchanua, nyeupe na yenye harufu, kwa miaka mingi, maana okidi huishi sana, lakini haitatoa mbegu. Mtu atakayeipita msituni atadhani ni nzima.

Kwa hiyo uhai wa ua maarufu kuliko yote ya Madagaska unapita katika mmea mwingine kabisa, ambao hauna uzuri wa kuchapishwa kwenye stempu, ambao mkulima huukata kuni na mtafiti wa okidi huupita bila kuuandika. Hilo ndilo ninalotaka mlibebe.

Kuna mjadala wa kitaalamu unaogusa hapo hapo, na nitaueleza kwa sababu ni wa kuvutia na haujaisha. Darwin aliona urefu huu kama mashindano. Ua lenye mrija mfupi kuliko ulimi hunyonywa na nondo akiwa mbali, kichwa hakigusi chavua, na ua halizai. Lenye mrija uliozidi ulimi kidogo humlazimisha nondo kujisukuma mpaka ndani. Hivyo maua marefu ndiyo yanayoacha mbegu. Na nondo mwenye ulimi mrefu zaidi ndiye anayeshiba. Kizazi baada ya kizazi, wote wawili wanarefuka. Upande wa ua katika hoja hii umejaribiwa: mwaka 1988 Msweden Anders Nilsson alifupisha mirija ya okidi za huko kwao, na yale maua yaliyofupishwa yakachavushwa kidogo kuliko mengine.

Wasserthal, yule wa hema la wavu, hakubaliani na upande wa nondo. Aliona kwamba nondo-kipanga wanaponyonya huyumba huku na huku mbele ya ua, na kwamba buibui hujificha kwenye maua wakiwangoja. Kwake yeye, ulimi mrefu ulianza kama njia ya kukaa mbali na buibui. Nondo wakawa na ndimi ndefu kwa sababu hiyo, ndipo maua yakawafuata, kila ua likijirekebisha kwa nondo aliyekwishakuwepo. Alionyesha pia kwamba okidi ndugu, Angraecum sororium, huchavushwa na nondo mwingine, Coelonia solani.

Mimi naona ule ulimi wa sentimita 19 wa nondo wa bara unampa Wasserthal nguvu kuliko watu wanavyokiri. Xanthopan hakuanza na ulimi mfupi akavutwa na okidi moja mpaka akawa alivyo. Ukoo wake ulikuwa na ulimi mrefu hata pasipo okidi hiyo. Kilichotokea Madagaska ni nyongeza ya sentimita kadhaa juu ya urefu uliokuwepo, na hapo nyongeza hiyo naweza kumpa Darwin kwa moyo mweupe. Hoja zote mbili zinaweza kuwa za kweli, kila moja kwa wakati wake.

Kwetu Afrika Mashariki kazi nzuri imefanyika pia. Dino Martins na Steven Johnson walichunguza okidi za Kenya zinazochavushwa na nondo-kipanga, zikiwemo Rangaeris amaniensis, iliyobeba jina la Amani, kule milima ya Usambara. Mwaka 2007 walieleza kwamba nekta ndani ya mirija haina utamu sawa: juu ni nyepesi, na kadiri unavyoshuka inazidi kuwa tamu. Kwa hiyo nondo anayefika mbali hulipwa kwa ubora pamoja na wingi. Hao hao walionyesha kwamba mapapai ya wakulima nchini Kenya hutegemea nondo-kipanga kuchavushwa, na kwamba shamba lililo karibu na uoto wa asili hupata huduma hiyo vizuri zaidi. Mpapai wa kike hauzai mpaka chavua iletwe kutoka mpapai wa kiume, na anayeileta ni mgeni wa jioni na usiku ambaye wengi hatujawahi kumwona. Mkulima anayefyeka kichaka cha mwisho pembeni mwa shamba anafyeka kitalu cha viwavi wa wachavushaji wake.

Madagaska hali ni ngumu. Misitu ya nchi za chini upande wa mashariki imekatwa na kuchomwa kwa vizazi vingi kwa kilimo cha kuhamahama, ambacho wenyewe hukiita tavy. Simlaumu anayetafuta mpunga wa watoto wake. Nasema tu kwamba okidi hupewa ulinzi kwa jina: familia yote ya okidi imo kwenye orodha za mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Ni jambo jema na liendelee. Lakini mkataba huo unahesabu mimea inayovuka mipaka. Hauhesabu mti wa Xylopia uliokatwa hatua mia kutoka okidi ilipo. Okidi ile inastawi pia katika nyumba za vioo za Ulaya, ambako mtunzaji huichavusha kwa kijiti, kama Darwin alivyofanya. Kuwa hai namna hiyo hakutoshi.

Nao utabiri haujakwisha. Katikati ya Madagaska, kwenye miamba mikubwa ya mawe, hukua okidi nyingine adimu sana, Angraecum longicalcar, yenye mrija unaoweza kukaribia sentimita 40. Mwaka 1991 Gene Kritsky aliandika kwamba naye huyu lazima awe na nondo wake. Ulimi mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa ni ule wa sentimita 28.5. Labda nondo yupo, labda alishatoweka na ua limebaki likisubiri. Vijana mnaosomea biolojia, hiyo ni kazi iliyo wazi.

Na iliyo karibu zaidi iko hapa bara. Mvua zikianza na majani mapya yakachipua, tazameni mitopetope mwitu iliyo karibu nanyi. Tafuteni majani yaliyoliwa kutoka pembeni na kinyesi kikubwa cha viwavi ardhini chini yake. Ndiyo dalili ya haraka kuliko kumtafuta kiwavi mwenyewe, ambaye rangi yake humficha. Mkimpata, msimguse sana. Kateni tawi alilo juu yake, mwekeni nalo kwenye chombo kipana chenye hewa, na kila siku mpeni majani mabichi ya mti ule ule aliokutwa juu yake. Andikeni jina la mti, mahali na tarehe, kwa sababu kumbukumbu hizo kwa sehemu kubwa ya bara ni chache mno. Akiacha kula na kuanza kuzunguka, mpeni udongo wenye unyevu kidogo, kina cha kiganja. Akitoka akiwa nondo, subirini ulimi ushikane, mpigeni picha, pimeni mkiweza bila kumuumiza, kisha mfungulieni jioni hiyo hiyo, karibu na mti mliomtoa.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.